Kunyanyua bodi ya Hilux: nati inazunguka, feni inagonga, nimekwama katikati

Mpanda_Matamba

Wakuu heshima kwenu, poleni na majukumu. Naomba msaada, na naomba sana anayejibu awe ameshika hii kazi kwa mikono yake, maana ushauri wa kusikia nimeupata mwingi hapa gereji na ndo umenifikisha hapa nilipo.

Gari ni Hilux singo kebini ya zamani, four wheel, ile yenye springi za bapa mbele na nyuma, injini 3L, 2.8 dizeli isiyo na tabo. Nabeba viazi kutoka Matamba kushuka Chimala, ile barabara ya kona hamsini na saba, tunaiita Hamsini na Saba, wanaoijua wanaijua, na masika naingia ndani zaidi upande wa Kitulo ambako fuso zimechimba mitaro hadi gari dogo likitumbukia linabaki linaning'inia kwa difu, lile bonge la gia katikati ya akseli. Mwezi uliopita nikafunga tairi 235/85R16 badala ya 245/70R16 nilizolikuta nazo gari. Barabara iliyonyooka hazina neno, ila nikikata kona kali zinasugua madigadi ya mbele, na nikiwa na gunia zangu ndo kabisa, harufu ya mpira inaingia hadi kebini.

Fundi akasema dawa ni kunyanyua bodi inchi 3, akakata vipande vya mninga vya duara akavitoboa katikati, tukanunua bolti ndefu duka la vifaa, tukaanza juzi asubuhi hapa Uyole. Upande wa kulia kebini imepanda. Upande wa kushoto bolti ya mbele imegoma, ukiizungusha inazunguka na nati yake ya ndani, haitoki wala haikazi. Sasa kebini imekaa kama mtu aliyelalia ubavu, shafti ya stelingi imevutika hadi naogopa kuigusa, na tulipowasha injini kidogo feni ikagonga kava lake upande wa chini ikalimega kipande. Gari liko juu ya mawe. Viazi vya watu vinanisubiri juu huko.

Niendelee au nirudishe kama lilivyokuwa? Na je nikimaliza difu itakuwa imepanda kweli, maana hilo ndo lilinifanya nikubali.

Spana_Kumi_na_Saba

Mkuu pole. Nimekaa kwenye gereji Mbeya hapa miaka mingi na hizi kazi nimezifanya na nyingine nimezifumua za wenzangu, kwahiyo nitakwambia wazi.

Kwanza leo hii kabla hujasoma hata mstari unaofuata nenda katoe hayo mawe. Jiwe linapasuka ghafla bila kutoa ishara. Weka stendi za chuma chini ya chesisi, sio chini ya kebini, na tairi za upande uliobaki ziwekewe kabari mbele na nyuma. Mtu yeyote asiingize mkono kati ya kebini na chesisi kukiwa na jeki tu. Nimeona kidole kinavyobanwa pale, kebini ikiteleza haikupi nafasi ya kuutoa mkono.

Sasa swali lako la difu. Haipandi. Hata milimita moja. Ukinyanyua bodi unatenganisha bodi na chesisi tu, lakini chesisi, springi, akseli na difu vinabaki palepale. Kinachopandisha difu ni tairi, na inapanda nusu ya tofauti ya kimo. Tairi yako ya zamani 245/70R16 kimo chake ni kama milimita 749, hii mpya 235/85R16 ni kama 806. Tofauti 57, nusu yake 28. Kwahiyo karibu sentimita 3 za difu ulishazipata siku ulipofunga tairi, hiyo kazi ya juzi inakutafutia nafasi tairi isisugue basi. Ni sababu halali, mimi siipingi, ila ujue unalipia nini.

Pili, ulishaangalia tairi inasugua WAPI? Maana kama inasugua ukingo wa madigadi, kunyanyua bodi kunasaidia. Kama inasugua springi au chesisi ukikata stelingi hadi mwisho, hata upandishe bodi futi moja haitasaidia kitu kwasababu vyote viwili viko chini. Pale dawa ni kurekebisha zile bolti za kuzuia stelingi isikate kupita kiasi. Chukua tochi uangalie palipong'aa.

Tatu, inchi 3 ni nyingi kwa gari lako na kwa kazi yako. Mimi ningeweka 2, yaani sentimita 5. Kwenye 2 vitu vingi vinavutika lakini vinafika. Kwenye 3 unaanza kuunga shafti ya stelingi, unaunga mabomba ya breki, unashusha rejeta, na kila unapounga unaongeza mahali pa kuharibika. Kwa 235/85, inchi 2 zinatosha kabisa, tairi yenyewe ni nyembamba.

Na hiyo mbao itoe. Mninga ni mti mzuri wa kitanda na milango. Chini ya kebini inapata maji, matope, jua, inavimba inanywea inavimba tena, mwisho inapasuka kufuata nyuzi zake, na kila inaponywea bolti yako inabaki imelegea bila wewe kujua. Tafuta nailoni ngumu ile ya fimbo nene, peleka kwa mtu mwenye mashine ya kukereza akukatie vipande vyenye kimo sawasawa vyote, vipana angalau kama mpira wa kebini wa asili, tundu la katikati lilingane na bolti lisicheze. Aluminiamu nayo inafaa. Mpira wa asili wa kebini unabaki palepale, kipande kinakaa pamoja nao, usiutupe.

Ya nati inayozunguka narudi baadae, nina gari la mtu hapa.

Mpanda_Matamba

Ahsante sana mkuu, mawe tumetoa sasa hivi, nimeazima stendi nne kwa jirani. Nimeangalia na tochi, palipong'aa ni ukingo wa madigadi upande wa nyuma ya tairi, na kidogo plastiki ya ndani. Springi haijaguswa. Hapo moyo umetulia kidogo.

Nasubiri ya nati.

Dada_wa_Makete

Kaka samahani naingilia kati ila nikisoma hii nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nina Hilux kama yako hiyohiyo 3L, naendesha mwenyewe, nakusanya pareto na viazi vijiji vya Makete. Miaka miwili nyuma nilinyanyua bodi kwenye gereji moja sitaitaja, wakafanya haraka siku moja tu, jioni nikakabidhiwa gari, stelingi iko sawa, taa zinawaka, nikalipa. Kesho yake nikaondoka na mzigo. Kwenye mteremko nikaona gari halipungui mwendo nikiachia mafuta. Nikadhani ni mzigo. Nikakanyaga klachi injini ikapaza sauti peke yake kama kuna mguu mwingine umekanyaga. Ule waya wa akseleta unaanzia kwenye pedeli iliyoko kwenye bodi unaishia kwenye pampu iliyoko kwenye injini, na injini iko kwenye chesisi, kwahiyo bodi ilipopanda waya ukavutika, na gari likijipinda kwenye mashimo unavutika zaidi.

Na hapo bado. Nilipokanyaga breki ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe. Ule mpira wa vakyumu unaotoka kwenye pampu ya oltaneta kwenda kwenye busta ya breki, ile inayolainisha pedeli, nao ulikuwa umevutika, ukachomoka. Busta iko kwenye bodi, oltaneta iko kwenye injini, umeona? Vitu viwili tofauti, sababu moja. Nilizima injini nikaweka gia ya pili nikaachia klachi taratibu huku nikikanyaga breki kwa miguu miwili, Mungu akanisaidia nikalibana gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlimani. Utingo wangu aliruka. Alivunjika mkono. Yule kijana ana mama anayemtegemea na mimi ndiye niliyempigia simu mama yake, kwahiyo nikiona mtu anasema kunyanyua bodi ni kuweka vipande na kukaza bolti napata hasira kabisa.

Kaka, kabla hujawasha hilo gari, kaa chini na mtu wa pili mwenye kalamu. Pitia kila kitu kinachotoka kwenye bodi kwenda kwenye chesisi au injini, kimoja kimoja, kishike kwa mkono, uone kina ulegevu au kimekaza. Kila kitu.

Spana_Kumi_na_Saba

Dada pole sana, na pole kwa huyo kijana. Umeandika kitu ambacho mafundi wengi hatukisemi. Wengine tunajifunza kwa magari ya wateja na hiyo ni dhambi kabisa.

Mpanda, haya ndo ya kushika kwa mkono kwenye gari lako kama dada alivyosema. Waya wa akseleta, mpira wa vakyumu wa busta. Mabomba ya breki yanayotoka kwenye masta, ile pampu ya breki, kushuka chesisi, yale ya chuma, usiyavute kwa nguvu, yana mikunjo, ukifungua klipu zake unaweza kuulegeza mkunjo taratibu ukapata hizo sentimita 5. Bomba likiwa limekunjika kama jani badilisha usilinyooshe. Mpira wa klachi. Mipira ya rejeta juu na chini. Mipira ya hita inayopita ukuta wa moto, lile bati kati ya injini na kebini. Waya wa handibreki, ukiukaza bila kujua breki za nyuma zinabaki zimeshika na unapanda mlima unaunguza. Waya wa ethi kutoka kwenye bodi kwenda injini na chesisi, huu ukikatika stata inazubaa na taa zinafifia, mtu anabadilisha betri mara tatu. Mpira wa kujazia dizeli, mdomo uko kwenye bodi ya nyuma na tenki iko kwenye chesisi, huwa unachomoka ukienda kujaza, dizeli inamwagika chini, na ule mpira mdogo wa pumzi pembeni yake usiusahau.

Na kimoja ambacho watu hawakitaji, mpira mkubwa wa eya klina. Kopo la eya klina limefungwa kwenye bodi, mdomo wa kuingiza hewa uko kwenye injini. Ukivutika unapata ufa upande wa chini usioonekana, injini inavuta vumbi lisilochujwa. Kiangazi cha huku vumbi lile jekundu la Chunya au lile la Mbarali linakula ringi kwa miezi michache, gari linaanza kutoa moshi na kunywa oili, mtu hahusishi kabisa na bodi. Nimefungua injini mbili za namna hiyo.

Feni yako sasa. Rejeta na kava viko kwenye bodi, vimepanda, feni iko kwenye injini, imebaki. Kwahiyo feni inaonekana imeshuka ndani ya kava na inagonga chini, ndo ilivyokumegea. Kwa inchi 2 unaweza kushusha rejeta kwa kutengeneza vibati vya kuishikilia chini zaidi kwa kimo kilekile ulichopandishia, ndo njia bora, feni inarudi katikati na mipira ya maji inabaki na urefu wake. Wengine wanakata kava upande wa chini. Inafanya kazi lakini unapunguza nguvu ya feni kuvuta hewa kwenye rejeta yote, na wewe unapanda Hamsini na Saba na gia ya kwanza, mwendo mdogo, hakuna upepo wa mbele. Usikate. Na usiondoe kava kabisa, wapo wanaofanya hivyo, baadae injini inachemka wanalalamika silinda hedi.

Mzee_Ipogolo

Kamwene vijana. Mimi niko Iringa, nimeendesha njia hii ya Kitonga toka enzi za magari yasiyo na pawa stelingi. Sio fundi.

Hilo la tairi mlilipita haraka. Tairi imekua kwa karibu asilimia 7 na nusu, maana yake kila gia yako imekuwa ndefu kwa kiasi hichohicho. Spidomita ikikwambia 80 wewe uko 86. Kupanda, injini isiyo na tabo huko juu tayari imechoka kwa hewa nyepesi, inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 za kupanda, na uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, kwahiyo robo ya nguvu hunayo hata kabla hujapakia gunia. Kushuka ndo kubaya zaidi, gia ile uliyozoea ikushikilie haitakushikilia vilevile, utaegemea breki, na breki zina moto wake. Shuka kwa gia moja chini ya ile uliyozoea.

Na mzigo. Umepandisha sakafu ya bodi ya nyuma pamoja na gunia zote. Lumbesa mbili juu ya nyingine kwenye kona ya mgongo wa mlima, sentimita 5 sio nyingi, ila ukizijumlisha na hizo 3 za tairi, na mzigo ukiwa umepangwa juujuu, gari linalala. Mzigo mzito weka chini katikati, punguza kimo cha rundo. Mwenye viazi atakunja uso, vumilia.

Taa pia zimepanda. Zishushe, usiwaumize macho wenzio wa mbele usiku.

Mpanda_Matamba

Mzee shikamoo. Nimekusikia, la kushuka na gia ya chini zaidi sikulifikiria kabisa.

Tumekubaliana na fundi tunashusha hadi inchi 2. Nimepata nailoni nyeusi, jamaa wa kukereza yuko Sido, ametukatia vizuri vyote vinalingana nimepima kimoja kimoja. Ila bolti ya kushoto bado, na sasa kuna jipya, bolti mpya tulizonunua upande wa kulia moja imeingia nusu ikagoma. Fundi anataka kuilazimisha na bomba refu.

Spana_Kumi_na_Saba

MWAMBIE AACHE.

Mkuu hilo ni jambo dogo linaloua kazi nzima. Bolti nyingi za Toyota za M10 na M12 zina nyuzi laini, hatua yake 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Duka la kawaida linakuuzia M10 ya hatua 1.5 au M12 ya 1.75, ukiiangalia kwa macho zinafanana, zinaingia mizunguko miwili mitatu halafu zinagoma, ukilazimisha unakula nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya kebini na hapo unapata tatizo lilelile la upande wa kushoto. Chukua bolti yako ya zamani, weka ubavuni mwa mpya, nyuzi zilaliane zote bila mwanga kupita kati. Kama hazilaliani rudisha dukani. Na kichwani isomeke 8.8 au 10.9, ndo daraja la nguvu yake, isiyo na namba yoyote usiifunge kwenye kebini iliyobeba watu. Urefu ni urefu wa bolti ya zamani kuongeza kimo cha kipande, milimita 50 kwako, basi. Usifidie urefu kwa kurundika washa kumi.

Nati inayozunguka. Ile nati ilichomelewa ndani ya kijisanduku cha bati, kutu imekula sehemu ya kuchomelea, ndo maana inazunguka nayo. Gari lako lilitoka wapi? Haya yaliyotumika kwenye nchi za theluji wanakomwaga chumvi barabarani, na yale yaliyokaa pwani, huwa yanasumbua hivi, lililokaa nyanda za juu tu muda wote huwa lina afadhali. Paka mchanganyiko wa ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, na dizeli uiache usiku kucha, asubuhi ijaribu mbele kidogo nyuma kidogo. Ikiendelea kuzunguka, toa kiti, funua kapeti, pima kutoka chini uhamishie juu, kata kidirisha kidogo kwenye sakafu juu ya nati, upana wa spana tu, mtu mmoja ashike nati kwa juu mwingine afungue kwa chini. Inatoka. Halafu weka nati mpya yenye bamba pana, chomelea, rudisha kile kibati, paka sili na rangi pande zote mbili.

Msitumie gesi pale. Juu kuna kapeti na sponji, pembeni kuna mabomba ya breki na nyaya. Hata mkichomelea hiyo nati kwa umeme, betri ifunguliwe, kapeti liwe mbali, na mtu amesimama na ndoo ya mchanga.

Boma_la_Chunya

Wakuu mimi nina ya tofauti. Yangu ina inchi 3, nimeweka vipande vya bomba la chuma, mwaka wa pili huu natembea nayo machimboni na haina tatizo. Naona mnamtisha bure jamaa.

Spana_Kumi_na_Saba

Sikatai mkuu kwamba inatembea. Naomba ufanye kitu kimoja leo, funua kapeti uangalie bati kuzunguka kila bolti ya kebini, hasa za nyuma. Bomba lina ukingo mwembamba, linakandamiza mahali padogo, na kama uliondoa mpira wa asili ukaweka chuma kwa chuma basi kila mtikisiko unaingia kwenye bati. Linaanza na ufa mdogo kama unywele. Ukiona rangi imepasuka kwa mduara ujue ndo hapo. Nitafurahi ukirudi kusema hakuna kitu.

Boma_la_Chunya

Nimefunua. Za mbele safi. Ya nyuma kulia ina ufa, kama sentimita nne hivi. Sikuwa najua. Nashukuru, kesho sitoki, natafuta nailoni.

Dada_wa_Makete

Bora umeangalia kaka.

Mpanda_Matamba

Wakuu narudi na mrejesho, ni siku tano sasa.

Nati tumeitoa kwa kidirisha cha sakafu kama ulivyoelekeza, ilichukua nusu saa baada ya siku mbili za kuhangaika kwa chini, nilitamani kulia. Bolti zote tumerudisha, nikazunguka maduka manne hadi nikapata za 1.25 zenye 10.9. Kebini tumenyanyua upande mmoja mmoja, bolti za upande mwingine zimelegezwa bila kutolewa, jeki ya chupa na ubao mrefu chini ya ukingo wa kebini, kidogo kidogo, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuangalia mabomba tu na kupiga kelele kitu kikikaza.

Na kilikaza. Dada ubarikiwe sana. Mpira wa vakyumu ulibaki umenyooka kama waya wa simu, tumenunua mrefu zaidi ule wa vakyumu wenyewe, sio wa maji. Waya wa akseleta tulikuta hauna ulegevu hata kidogo, tumeufungua kwenye klipu mbili ukapata njia fupi zaidi, sasa unacheza vizuri na sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haipandi hata nikikata stelingi mwisho huku na huku. Eya klina tumeshusha kopo lenyewe kwa kibati badala ya kuvuta mpira. Rejeta imeshushwa, feni iko katikati, nimepitisha kidole kuzunguka kote. Shafti ya stelingi tulilegeza bolti za krosi ikajivuta yenyewe kwenye meno, yaliyobaki ndani ni mengi kuliko nilivyoogopa, tumekaza na kupaka alama ya rangi ili nione kama itasogea.

Bampa la mbele limebaki chini kwasababu liko kwenye chesisi, pameonekana uwazi mbaya kati yake na grili, bado sijaamua.

Jana nimepanda na gari tupu hadi Matamba na kurudi. Tairi hazisugui popote. Tatizo moja limebaki, gia ya pili inaruka yenyewe nikiwa napanda kwenye mashimo. Zamani haikuwa hivi kabisa. Giaboksi imeharibika?

Spana_Kumi_na_Saba

Hongera mkuu, kazi ya kiungwana hiyo. Giaboksi yako nzima usiifungue. Giaboksi imebaki chini na sakafu imepanda, kwahiyo mti wa gia sasa unatokea chini zaidi kwenye tundu lake. Ukiweka gia inayokuja nyuma, ya pili na ya nne, mti unaegemea ukingo wa tundu la sakafu kabla gia haijaingia hadi mwisho, gari likitikisika ukingo unausukuma unatoka. Toa ile ngozi ya mpira, weka ya pili, angalia kwa tochi. Angalia na mti wa four wheel low, ule mara nyingi ni mbaya zaidi na hujajua tu kwasababu hujautumia.

Mpanda_Matamba

Ni kweli mkuu, umeegemea kabisa, na rangi imeshakwanguka pale. Wa low ndo haukuwa unaingia hata nusu, ningeligundua hilo nikiwa kwenye tope Kitulo usiku.

Tumekata ukingo upana wa vidole viwili kwa nyuma, tumepaka rangi, tumefunga ngozi mpya tukaizungushia sili maji yasipande. Leo asubuhi nimepakia gunia kumi tu, nimezipanga chini kama mzee alivyosema, nimeshuka kona zote na gia ya kwanza pale nilipozoea ya pili. Gia haijaruka. Chimala nimesimama nimeshika kila bolti kwa spana, mbili za bodi ya nyuma zilikubali robo mzunguko, za kebini hazikusogea. Nitazishika tena nikifika Uyole.

Spana_Kumi_na_Saba

Sawa. Hizo mbili za nyuma zitie alama ya rangi kama ulivyofanya kwenye shafti, uzishike kila safari hadi zikatae kabisa. Na usiku wa leo washa taa ukiwa mbele ya ukuta, hujasema kama umezishusha.

Mpanda_Matamba

Bado. Nazishusha jioni hii.